Anayehamia Rubafu kwa Ajili ya Hewa

  

Leo nazungumzia kuhama. Sina maana ya kuhama kwa kukimbia njaa au kufuata kazi. Nasema kuhama kwa hiari, pale mtu na mwenzake wamekwisha kulea, wamekwisha kusomesha, wanakaa jioni na kuulizana: sasa tukaishi mkoa gani ambao hewa yake haitatutesa? Mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akitimiza miaka 60, na anaweza kuomba mwenyewe akifikisha 55. Aliyefanya kazi Dar es Salaam anaikumbuka Februari yake, nyuzi 32 mchana, na usiku shuka limelowa jasho huku feni ikizungusha hewa ya moto. Aliyekuwa Dodoma anakumbuka vumbi na mvua inayokuja miezi michache kisha kukata kabisa. Basi wanaanza kuhesabu mikoa na miji. Mmoja anataja Arusha, wa pili Lushoto, wa tatu Njombe au Mbeya. Halafu anajitokeza mwenye rafiki Kagera, anasema: ninyi bado hamjafika Bukoba.

Na akifika mtu, akapelekwa Rubafu, upande wetu wa Bugabo, akasimama juu ya mwinuko akaliona ziwa mbele yake na migomba nyuma yake, na upepo unampiga usoni, hapo hashawishiwi tena. Anaanza kuuliza bei ya kiwanja.

Mimi ni mtu wa huku, na siwezi kumlaumu. Hewa yetu ni nzuri kweli. Lakini nasema leo, kwa nia njema kabisa, kwamba hewa hii ina asili yake, ina gharama yake, na ina watu ambao wamekaa nayo na kuitunza kwa vizazi vingi. Anayetaka kuhamia huku kwa ajili yake ayajue yote matatu kabla hajauza alichonacho kule alipo.

Tuanze na asili. Rubafu iko karibu sana na ikweta, kama nyuzi moja tu ya latitudo kusini yake. Kwa kutazama ramani peke yake, ungetegemea joto kali. Yanayotuokoa ni mambo mawili. La kwanza ni mwinuko. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nchi yetu inaanzia hapo kwenda juu. Kwa kawaida, ukipanda mita 1,000 joto hushuka kwa nyuzi zipatazo 6. La pili ni ziwa lenyewe, ambalo lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800. Maji mengi kiasi hicho ni kama chungu kikubwa kilichoinjikwa mafigani: huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa. Mchana yanatupunguzia joto, usiku yanatuzuilia baridi. Ndiyo maana mchana wetu huwa nyuzi 25 hadi 27, na usiku 15 hadi 18, mwezi baada ya mwezi, Januari hadi Desemba. Huko Makete na nyanda za juu za Njombe kuna asubuhi za Juni na Julai ambazo jalidi huunguza mimea shambani. Kwetu jalidi haijulikani. Koti jepesi linatosha.

Ziwa hilohilo ndilo linalotuletea mvua, na namna linavyoileta inafaa kueleweka. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, kwa hiyo upepo hutoka ziwani kuja kwetu. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, na upepo hutoka pande zote za ufuko kuelekea katikati ya ziwa. Pepo hizo zikikutana huko, hewa yenye unyevu husukumwa juu na mawingu ya ngurumo hujengeka gizani. Kisha pepo kuu zinazovuma kutoka mashariki huyaleta mawingu hayo upande wetu wa magharibi. Kwa hiyo mvua yetu nyingi hushuka alfajiri na asubuhi, wakati sehemu nyingine za nchi huipata alasiri. Bukoba hupata mvua ya milimita kama 2,000 kwa mwaka. Musoma, iliyoko ufuko wa mashariki wa ziwa hilohilo, haipati hata nusu ya hiyo. Dodoma hupata kama robo tu.

Jambo hilo linatufundisha kitu ambacho wanaotafuta mkoa wa kuishi husahau. Hewa haifuati mipaka ya mikoa. Ukitoka ufukoni kwenda ndani kuelekea Karagwe, mvua hupungua kadiri unavyoliacha ziwa. Ndani ya Wilaya ya Muleba peke yake, mtu wa Kamachumu, aliye juu ya nyanda, anaishi katika ubaridi ambao aliye mwambao hana, na aliye upande wa magharibi wa wilaya anapata mvua chache kuliko wote wawili. Anayesema nimechagua Kagera bado hajachagua kitu. Achague kata, kisha achague kijiji, na hata kijijini atazame kama nyumba itakaa mgongoni mwa mlima au bondeni.

Sasa tuje kwenye gharama. Wageni wengi wanaokuja kutazama huku huja Julai. Ni mwezi wa kiangazi chetu, kyanda kama tunavyokiita nyumbani, na ni mwezi wenye mvua ndogo kuliko yote. Barabara ni kavu, ziwa limetulia, jioni kuna upepo mwanana. Mgeni anakaa siku chache, anakula samaki na ndizi, analipa kiwanja. Hajaiona Rubafu. Ameona uso mmoja tu wa Rubafu.

Aje Aprili. Saa kumi na moja alfajiri atasikia ngurumo za mbali ziwani, kisha upepo utapiga migomba kwa ghafla, na baada ya dakika chache mvua itakuwa juu ya bati, naye hatasikia analosema mwenzake aliye chumba hichohicho. Inaweza kunyesha hivyo saa mbili au tatu. Ikikata, jua hutoka kidogo, akina mama wanaanika maharage uani, na kabla ya adhuhuri wanayakusanya tena mbiombio. Nguo hukaa kambani siku ya pili na ya tatu bado zina unyevu. Viatu vya ngozi alivyoviweka chini ya kitanda, akivitoa baada ya majuma mawili, vitakuwa vimeota ukungu wa kijani. Njia ya kwenda barabarani inakuwa tope, na pikipiki inateleza. Hiyo ndiyo hewa nzuri ya Kagera ikiwa kazini. Usipoipenda Aprili, Julai haitakufidia.

Kwa anayejiandaa, mvua hiyo ni utajiri. Fanya hesabu ndogo. Paa la bati lenye mita za mraba 100, likipata milimita 2,000 kwa mwaka, linapokea lita 200,000 za maji. Hata ukitoa zinazopotea, familia yenye mifereji mizuri na matangi ya kutosha haina sababu ya kubeba ndoo. Lakini nyumba lazima ijengwe kwa ajili ya mvua hiyo: msingi wa mawe ulioinuka, upenuo mpana wa paa unaokinga kuta, mtaro wa kupeleka maji mbali, na madirisha yanayopitisha hewa ili ukungu usishike. Iwekewe pia kinga ya radi, kwa kuwa eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye ngurumo nyingi duniani. Na tangu 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipoua watu wasiopungua 17 na kubomoa maelfu ya nyumba mkoani kwetu, hakuna fundi mwaminifu anayejenga Bukoba bila mkanda wa zege. Ramani ya nyumba iliyofaa Dodoma isiletwe huku kama ilivyo.

Mvua hiyo pia hukata njia. Wote tunaikumbuka asubuhi ya 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 walipoteza maisha, na wavuvi wakawa wa kwanza kufika na mitumbwi yao kuokoa waliosalia. Kwa mzee mwenye maradhi ya moyo au figo, jambo la njia si dogo. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko Bukoba mjini, na ukihitaji zaidi ya hapo unapelekwa Bugando, Mwanza, ng'ambo ya ziwa. Anayehama apige hesabu ya safari hiyo usiku wa mvua, asiipige mchana wa jua. Akumbuke pia kwamba ujotojoto wenye unyevu unaompendeza yeye unampendeza na mbu. Kagera imekuwa miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi kwa miaka mingi, na mtu aliyekaa muda mrefu kwenye nyanda za baridi huja na mwili usioizoea. Chandarua huku ni sehemu ya kitanda.

Ziwa nalo lina mipaka yake inayosogea. Kati ya mwaka 1961 na 1964 maji yalipanda kwa zaidi ya mita mbili. Mwaka 2020 yalipanda tena hadi kuingia katika nyumba, mialo ya samaki na mashamba ya watu waliojenga ufukoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wapo wanaouza viwanja ndani ya mita hizo, na wapo wanaonunua kwa sababu wanataka kuamka waone maji. Ndugu yangu, ukiuziwa hapo umeuziwa hasara. Panda juu kidogo, ziwa utaliona vilevile.

Gharama iliyojificha kuliko zote ni udongo. Mgeni anaona kijani kila mahali, anaamini ardhi yetu ni tajiri. Ukweli ni kinyume chake. Udongo wa mwambao wa Bukoba umetokana na mawe ya mchanga, na mvua ya milimita 2,000, mwaka hadi mwaka kwa maelfu ya miaka, imeuosha rutuba yake. Tembea hatua chache kutoka kwenye migomba utoke nje hadi rweya, yaani mbuga yetu ya nyasi, utaona tofauti kwa macho. Kwenye rweya udongo ni mwepesi, umepauka, nyasi ni kavu na fupi. Ndani ya kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, udongo ni mweusi, mzito, umejaa minyoo, na juu yake kumetandikwa nyasi na majani makavu ya migomba hadi mguu unadidimia. Ardhi ni moja, mvua ni moja. Kilichotofautisha ni mikono ya watu. Wazee wetu walikata nyasi rweyani wakazitandaza chini ya migomba, wakaongeza samadi ya ng'ombe na majivu ya mekoni, mwaka huu, mwaka ujao, mtoto akampokea baba. Chini ya migomba wakaweka mibuni, maharage, viazi vikuu na miti ya kivuli. Kibanja kimoja kizuri ni kazi ya vizazi.

Sotoka ya miaka ya 1890 ilipoua ng'ombe wa nchi hii, vibanja navyo viliumia, kwa kuwa samadi ilipungua. Na tangu mnyauko wa migomba ulipobainika Muleba katikati ya miaka ya 2000, tumejifunza upya kwamba kibanja kinaweza kufa mbele ya macho yetu. Panga lililokata mgomba mgonjwa, likikata mzima bila kupitishwa motoni, linaupeleka ugonjwa. Chipukizi lililotolewa shamba lenye ugonjwa linaupeleka mbali zaidi. Mgeni anayenunua kipande cha rweya kwa bei rahisi, akaleta machipukizi ya kuokota popote, akategemea mvua imfanyie kazi, baada ya miaka mitatu atakuwa na migomba myembamba na majirani wenye hasira. Rweya itampa njugu mawe, itampa miti. Ndizi haitampa mpaka ailishe kwanza.

Hapo ndipo ninapofikia jambo la tatu, la watu. Kibanja kwa Mhaya hakikuwa kiwanja tu. Ndani yake kuna makaburi. Babu kalala pale chini ya migomba, bibi kalala kando yake. Kwa hiyo desturi ilitaka ardhi ya ukoo isitoke nje ya ukoo, na ikiuzwa kwa mtu baki, wana ukoo wawe na haki ya kuikomboa. Desturi hiyo ilikuwa na upande wake wa dhuluma, kwa sababu mwanamke aliyerithi aliruhusiwa kuitumia ardhi maisha yake yote lakini hakuruhusiwa kuiuza. Ndipo ikaja kesi maarufu ya Ephrahim dhidi ya Pastory, iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo wilayani Muleba. Mwanamke mzee aliyerithi kibanja kwa wasia wa baba yake alikiuza mwaka 1988 kwa mtu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000, kwa sababu alikuwa anazeeka na hakuwa na wa kumtunza. Mtoto wa ndugu yake akapinga. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke ana haki ileile ya mwanamume juu ya ardhi ya ukoo, na mauzo yale ni halali. Aliyepinga akapewa miezi sita kuikomboa ardhi kwa kurudisha bei ileile, la sivyo iwe mali ya mnunuzi.

Nawataka wasikilizaji mzitazame pande mbili za hukumu hiyo. Ilimpa mwanamke haki yake, na hilo ni jambo la kushukuru hadi leo. Na wakati huohuo haikumtupa mwana ukoo nje. Ilimwambia, kama makaburi ya wazee yanakuuma, toa fedha. Mgeni anayenunua kibanja huku bila kukaa na ukoo mzima, akamalizana na kijana mmoja mwenye shida ya fedha, amejinunulia kesi. Apite Halmashauri ya Kijiji kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inavyotaka, aite mashahidi, aite majirani wa mipaka yote minne, aulize kama yupo mama au dada mwenye haki katika ardhi ile. Wote wakikubali mauzo, hapo amenunua.

Hofu yetu kwa watafutaji wa hewa nzuri haikutoka hewani, inatoka katika historia. Wajerumani waliipenda Usambara kwa ubaridi wake, wakajenga kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1902 na mji wao Wilhelmstal, ambao leo ni Lushoto. Kenya, nyanda za juu zenye hewa ya kufanana na Ulaya zilitengwa kwa ajili ya walowezi, na wenyeji wakawa vibarua juu ya ardhi ya baba zao. Hapa kwetu Tanganyika, mwaka 1951, Wameru wapatao 3,000 walifukuzwa Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa, ili wazungu wapate mashamba. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea watu wake. Bukoba ilinusurika na balaa la aina hiyo kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa vijiji vilikuwa vimesongamana watu, vibanja vilikuwa na wenyewe, na kahawa ilikuwa mikononi mwa wakulima weusi. Kwa maneno mengine, kilichoilinda ardhi yetu ni kwamba ilikuwa inatumika na kutunzwa.

Leo anayekuja si mlowezi. Ni Mtanzania mwenzetu, mara nyingi ni mwalimu, muuguzi au askari aliyetumikia nchi hii miaka thelathini. Ana haki ya kuishi popote ndani ya jamhuri, na sisi wenyewe tumejaa Dar es Salaam, Mwanza na Arusha, tumepokewa huko. Tusimfungie mlango. Ila tumwambie ukweli kabla hajaingia, na akishaingia tumfundishe.

Kwa hiyo, wewe unayetusikiliza kutoka mbali na unafikiria kuja, pokea ushauri wangu. Usinunue kwanza. Panga chumba, ukae kuanzia Machi hadi Mei, uone masika yote. Fuatilia utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, wa masika na wa vuli, ujue mvua inaanza lini na inategemewa kuwa kiasi gani, maana huku kila kitu kinapangwa kwa mvua. Ongea na nesi wa zahanati kuhusu maradhi yanayosumbua wazee. Safiri kwenda mjini siku ya mvua. Ukishaipenda Rubafu katika hali hiyo, jenga, na usijenge nyumba tu. Tafuta ng'ombe wawili au watatu wa kukupa samadi. Tafuta machipukizi safi kwa bwana shamba. Panda miti ya asili kama muhumula palipo na chemchemi, na mikaratusi iweke mbali na vyanzo vya maji. Shiriki misiba na vikao vya kijiji. Hewa uliyoifuata inategemea hayo zaidi ya unavyodhani. Ziwa na mwinuko hatuwezi kuvifanya lolote, lakini kivuli, chemchemi, udongo unaokunywa maji badala ya kuyaachia yabomoe, vyote hivyo vinatokana na kibanja kilichotunzwa. Vibanja vikigeuzwa viwanja vitupu vya zege na bati, mvua itabaki, lakini itakuwa mafuriko na makorongo, na joto la mchana utalisikia.

Na ninyi ndugu zangu wa Bugabo na Muleba, nanyi nina neno kwenu. Wapo kati yetu wanaokata kibanja vipande vipande wakiuza, fedha inaisha ndani ya mwaka mmoja, na mtoto anabaki bila mahali pa kupanda hata mgomba mmoja. Anayetaka kuuza auze kile asichoweza kukitunza, tena kwa kikao, na mabinti wapate fungu lao. Wapo pia wenzetu walioko mijini waliojenga nyumba nzuri vijijini na kuzifunga mwaka mzima. Nyumba imefungwa, kibanja kimeota magugu, migomba inaanguka kwa kukosa nguzo. Mwenye kibanja kama hicho ampe kwa masharti kijana wa jirani anayetaka kukilima, kuliko kukiacha kife kikimngojea yeye astaafu. Siku atakaporudi atakuta udongo umeisha, na udongo ule hauuzwi dukani.

Wasikilizaji wapenzi, hewa ya Rubafu ni miongoni mwa zilizo bora katika nchi hii, na anayeifuata anajua kuchagua. Lakini hapa hakuna hewa nzuri bila mvua nyingi, na mvua nyingi bila kazi ya mikono huacha ardhi mifupa mitupu. Anayekuja kupumzika tu, namshauri abaki alipo. Anayekuja kuishi nasi, kulisha udongo na kupanda miti, aje, na sisi wenyeji tumpokee kama ndugu na tumwonyeshe mipaka ya kweli. Masika yajayo, kila mmoja wetu, mwenyeji na mgeni, apande angalau mti mmoja wa kivuli na atandaze nyasi kibanjani mwake.